Kunguru Wamekula, Shangazi Vatsala

Mwaka umetimia wiki hii, Shangazi, tangu asubuhi ile ulipomaliza chai yako barazani, ukaweka kikombe chini, ukasema uwanja umekauka vizuri leo, kisha hukusema tena neno jingine.

Tunakuandikia gazetini kwa sababu watu wengi wa mji wetu wa Sangli walikuwa nasi kando ya mto siku ile ya kumi ya msiba. Waliona kilichotokea, wakarudi makwao na wasiwasi wetu mioyoni mwao. Mpaka leo wanatusimamisha sokoni kwa upole na kuuliza, "Mzee Dattatray anaendeleaje?" Wana haki ya kusikia mwisho wake. Nawe pia, ingawa tunadhani umeshaujua.

Ulizaliwa katika nyumba hii hii, nyuma ya shule ambayo baba yako alifundisha hesabu. Uwanja wa tenisi aliuchora mwenyewe kwa kamba na vigingi, na wanafunzi wake wakaleta udongo mwekundu kwa toroli. Lakini aliyeufanya uwe uwanja ni mama yako. Alikuwa akisiliba sakafu ya jiko kwa samadi ya ng'ombe kila Jumamosi, na Jumamosi moja alitoka na ndoo yake mlangoni, akaendelea kusiliba moja kwa moja mpaka kwenye wavu. Hakuwahi kutazama mechi mpaka mwisho. Alisema inamtosha kujua, kwa kiganja chake, mahali ambapo mpira ungedunda vibaya.

Ulijifunza kucheza ukiwa na sari ya yadi tisa, imepitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma, kama wanawake wa huku wanavyovaa wakienda shambani. Baadaye, chama cha tenisi kilipowataka wachezaji wavae sketi nyeupe, ulivaa, lakini hukuacha kulalamika. "Sketi haina pa kuweka mpira wa pili," ulisema. "Sari yangu ilibeba mipira miwili, leso na karanga."

Ulikuwa bingwa wa taifa wa wanawake mara nne. Na pamoja na rafiki yako Freny Bamji wa Mumbai mlichukua ubingwa wa wawili wawili mara nyingi mno, hata wapiga picha wakachoka. Wakawa wanachapisha picha ya mwaka uliopita na hakuna aliyegundua, isipokuwa Freny, kwa sababu ya nywele zake. Pigo lako la nyuma ya mkono lilipita chini, karibu sana na wavu, kama paka anayepenya chini ya geti. Wapinzani walilisubiri juu, nalo lilikuwa limeshapita. Magazeti yalikuita Msichana Asiyeogopa. Uliyakata maneno hayo ukayabandika ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo wewe tu ungeyaona.

Ulipoacha mashindano ulifanya kazi benki, na jioni ukafundisha wasichana bure. Sharti lako lilikuwa moja: msichana aje Jumamosi alfajiri kusiliba uwanja. Mama mmoja alikuja juu kama moto. "Nimemleta mwanangu ajifunze tenisi, si kushika mavi ya ng'ombe!"

"Sawa, dada," ulimjibu. "Mpeleke kwenye uwanja wa saruji. Akianguka huko, uje uniulize dawa ya magoti."

Baada ya wiki mbili yule mama alirudi, na ndoo yake mwenyewe.

Nyumbani ulikuwa mwamuzi wetu. Shirish, mtoto wa mdogo wako Dattatray, akibishana na mkewe Ujwala jikoni, wewe barazani ulitangaza kwa sauti, "Kumi na tano kwa sifuri, Ujwala!"

"Shangazi, hata hujasikia maneno yangu!"

"Sina haja. Nimesikia unavyoweka sahani. Thelathini kwa sifuri."

Ulikula kitunguu ulichokipasua kwa ngumi. Mipira uliitunza katika gudulia la zamani la achari, kwa hiyo mpira mpya wowote kwetu ulinuka haradali. Kila mlo ulifunga mabaki ya mkate wa mtama katika pindo la sari yako, nasi hatukuuliza ulikuwa ukiyapeleka wapi. Tulidhani ni tabia ya watu waliokua wakati wa njaa.

Na kunguru, Shangazi. Mtaa mzima ulijua ugomvi wako na kunguru. Kila asubuhi, hasa samadi mbichi ikishasilibwa, wao hushuka kutafuta wadudu, wakichimbua mstari wako wa nyuma kwa midomo. Hapo ndipo ulipotoka na raketi, ukagonga nguzo ya wavu, ukapiga kelele ambayo ilifika mpaka kwa muuza maziwa: "Haaa! Ndani kwangu! Nje kwenu!" Watoto wa jirani walipanga saa zao za shule kwa kelele hiyo.

Lakini anayekukumbuka kuliko sisi wote ni mdogo wako Dattatray, na habari hii kwa kweli ni yake. Ametupa ruhusa. Alisema, "Andikeni, ila msinifanye mzee wa kulialia." Tutajaribu.

Mwaka ule ulipochukua ubingwa kwa mara ya pili, ulialikwa kwenda kucheza Uingereza. Akiba ya baba yenu ilitosha jambo moja tu. Mwezi huo huo Dattatray akapata nafasi katika chuo cha uhandisi, Pune. Wakati wa chakula cha jioni ulisema, "Dattu aende," ukaomba uongezewe dengu. Hakuna aliyelizungumza tena jambo hilo. Dattatray akawa mhandisi, akajenga madaraja, akaoa, akafiwa na mke, akazeeka katika nyumba ile ile uliyokuwemo. Na miaka yote hiyo, kila alipokuona umeketi barazani na kikombe chako, alijiambia: huyu amekaa hapa kwa sababu yangu. Hakukuuliza. Katika nyumba yetu watu hawaulizani mambo ya namna hiyo. Wanaongezeana dengu.

Siku ya kumi tulikwenda kwenye ngazi za mto Krishna. Matonge yako ya wali yakawekwa juu ya jani, nasi tukarudi nyuma kumsubiri kunguru. Akigusa tonge, marehemu ameondoka ameridhika. Asipogusa, kuna jambo limebaki moyoni mwake, na walio hai wanapaswa kulitafuta na kuliahidi palepale, kwa sauti, mbele ya watu.

Kunguru walikuwepo tele. Walikula matonge ya marehemu mwingine wa siku hiyo, mzee aliyekuwa akiuza nguo sokoni, kabla hata wanawe hawajamaliza kuunganisha viganja. Ya kwako waliyatazama tu.

Shirish akaanza. "Shangazi, uwanja hatutauuza!"

Kimya.

"Achari uliyowapa wasichana wako baada ya mazoezi nitaendelea kuitengeneza," akasema Ujwala. Akafikiri. "Na nitapunguza chumvi."

Kimya.

Mwanafunzi wako Parveen akajitokeza huku analia. "Pigo langu la nyuma nitalirekebisha, Shangazi, naapa!"

"Hilo hata kunguru haamini," akanong'ona msichana mwenzake, na watu wakacheka katikati ya machozi.

Mjukuu wako Mukta, binti wa Shirish na Ujwala, akasema kitu. Guruji, kuhani wetu, akamgeukia. "Sema tena, binti. Mimi niko hapa karibu na sijasikia, sembuse ndege." Mukta akarudia, uso umemwiva kwa haya: atakuwa akisiliba uwanja kila Jumamosi.

Hapo kunguru mmoja, shingo ya kijivu, akashuka. Akatua karibu na jani. Akasogea hatua, akasogea tena. Ndipo Dattatray, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alipoinama mbele kidogo na kusema, "Dada, nisamehe."

Kunguru akainua kichwa. Akamtazama. Akaruka akaenda zake, na wenzake wakamfuata.

Tulisubiri mpaka mawe yakatuunguza nyayo. Mwishowe Guruji akafanya kinachofanywa hali ikiwa hivyo: akasokota majani makavu, akafunga mfano wa kunguru, akagusisha mdomo wake wa majani kwenye tonge. Inakubalika kabisa, alitueleza. Ipo katika taratibu. Dattatray aliitikia kwa kichwa. Njiani kurudi alisema jambo moja tu: "Yule wa majani hakuwa na la kukataa."

Mwaka huu umekuwa mrefu kwake, Shangazi. Aliacha vitu vitamu. Hakukanyaga uwanja hata mara moja. Kila asubuhi alipanda juu ya paa la nyumba, akauweka wali chini, akaunganisha viganja, akiwaomba kunguru kwa adabu kama mtu aliyekwenda kuomba kazi, na kunguru walimtazama kutoka juu ya tangi la maji. Ujwala alimpikia kila alichokipenda. "Baba, kula kidogo." Alikula kidogo. Kidogo kweli. Shirish alimwambia, "Baba, huyo ni ndege tu," naye akajibu, "Najua ni ndege. Dada yangu hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma." Tulikuwa tunaogopa kwamba hataumaliza mwaka.

Freny hakuweza kuja msibani kwa sababu alikuwa amevunjika nyonga. Alikuja wiki hii, siku moja kabla ya kumbukumbu yako, kwa treni kutoka Mumbai, na fimbo, na bati la biskuti za siagi, na sauti ile ile. Hajavua hata viatu, akauliza, "Nani amepanda maua nyuma ya mstari?"

"Mimi, shangazi Freny," akasema Ujwala.

"Una bahati hayupo."

Alikula vizuri, akasifu dengu, kisha akamwelekezea Dattatray kijiko. "Na huyu mbona amebaki mifupa? Mnamnyima chakula?"

Shirish akamsimulia habari ya mto. Guruji pia alikuwepo, amekuja kupanga mambo ya kesho yake, naye akaongezea pale Shirish aliposahau. Freny alisikiliza mpaka mwisho, kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Kunguru wa Sangli?" alisema. "Na nyinyi mlitegemea nini? Mwanamke yule amewafukuza kwa raketi maisha yake yote! Ningekuwa kunguru, tonge lake nisingelisogelea hata kwa kadi ya mwaliko!"

Ujwala akaziba mdomo kwa pindo la sari. Guruji akaangalia dari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima watu kucheka katika chumba kile, na tuliona aibu, na hatukuweza kuacha.

Dattatray hakucheka. "Freny, alikuwa amefika. Amebakiza hatua moja. Nilipoomba msamaha akaondoka."

"Msamaha wa nini?"

Akamwambia. Uingereza, akiba, chuo, dengu. Hatukuwahi kumsikia akiyasema. Aliyasema kwa mpango mzuri, kama mtu anayeeleza mchoro wa daraja.

Freny aliweka kijiko chini. "Dattu, hivi wewe ni mhandisi kweli? Niambie. Dada yako alikuwa akivuka mto kwa njia gani?"

"Kwa daraja."

"Na kivuko? Kile kilichokuwa hapo chini ya nyumba yenu, ambacho mji mzima ulipanda?"

"Alipenda kutembea. Mazoezi ya miguu."

"Mazoezi!" Freny alipiga sakafu kwa fimbo. "Aliogopa maji kama paka! Mwaka ule huko Kolkata walitupandisha sisi wachezaji kwenye mashua, eti tutembezwe mtoni. Hatujafika hata katikati, bingwa wa taifa akatapika juu ya viatu vya katibu wa chama. Halafu mtu huyo ndiye apande meli mpaka Uingereza? Alinishika mkono chumbani, Dattu, mkono ulikuwa barafu, akaniambia: Freny, Dattu akifeli mtihani wa chuo, mimi nimekwisha."

Dattatray alisukuma sahani yake kando.

"Kila Jumanne alikwenda hekaluni kwa mungu wenu Ganapati na vitamutamu vya nazi, akiomba upasi. Wewe ulidhani anamwombea nani?"

"Nilidhani ananiombea mimi," akasema polepole.

"Alikuombea, ndiyo. Lakini kwanza alijiombea yeye. Siku matokeo yalipotoka aliniandikia kwamba amelala usingizi mzito kuliko siku aliyochukua kombe. Wewe ndiye uliyemwokoa, mjinga wewe."

"Mbona hakuniambia?"

"Msichana Asiyeogopa akuambie hayo? Angezirai kwa aibu. Aliniapisha nisiseme maadamu yu hai, na nimejizuia, na siri hii imeniuma kuliko nyonga."

Tulimtazama Dattatray. Tulidhani jambo limekwisha. Alikuwa amekodoa macho dirishani, kuelekea mtoni, na tuliona kwamba anakuona, Shangazi, ukizunguka njia yote ile ndefu kwenda darajani kwenye jua, miaka nenda miaka rudi, na kivuko kikikupita kimejaa watu. Midomo yake ikachezacheza. Kisha akatikisa kichwa.

"Wewe ni mtu wa adabu, Freny. Utasema lolote kumfariji mzee."

"Mimi? Adabu? Waulize waamuzi wa nchi nzima!"

"Kesho tutasikia kunguru anasemaje," akasema Dattatray.

"Nyinyi na kunguru wenu mmoja," akasema Freny, lakini sasa kwa upole. "Sisi Waparsi wafu wetu tulikuwa tukiwakabidhi tumbusi wawale, na tumbusi wenyewe wameisha. Nani hapa wa kulalamika?"

Mukta alikuwa amesimama mlangoni na sahani mikononi. Alisema, "Lakini Shangazi alikuwa akiwalisha."

Sote tukageuka. Alitaka kurudi jikoni, ila Freny alishamnyooshea fimbo. "Njoo hapa. Sema kwa sauti. Akiwalisha nani?"

"Kunguru." Mukta akameza mate. "Kila siku. Akishapiga kelele, akishawatoa uwanjani, alikwenda nyuma ya uzio, pale kwenye mpera, akafungua pindo la sari, akawamwagia mkate. Ndani kwake, nje kwao. Nilipokuwa mdogo nilimshikia raketi. Wao walikuwa wakingoja ile kelele. Asipopiga kelele hawakushuka kule nyuma."

Freny akasema taratibu, "Kwa hiyo nyinyi mmesimama mtoni mmeunganisha viganja, mnanong'ona kama watu walio hospitali."

"Na mimi juu ya paa," akasema Dattatray. "Mwaka mzima."

Kesho yake, ibada ilipofika mahali pa kunguru, hatukwenda mtoni. Guruji alikubali jani liwekwe nyuma ya uzio, chini ya mpera. Tonge la wali, dengu, kitunguu ulichokipenda, na kipande cha mkate wa mtama ambacho Ujwala alikifunga kwanza katika pindo la sari yake halafu akakifungua, ili kiwe kimepitia pale. Wasichana wa Jumamosi walikuwa wamesiliba uwanja alfajiri. Ulikuwa bado na harufu mbichi, na kunguru walikuwa wameshaanza kazi yao kwenye mstari wako wa nyuma, bila mtu wa kuwasumbua.

Tulisimama tumeunganisha viganja. Tulijua, lakini mazoea ni mazoea. Kunguru hawakutujali. Mmoja alitazama jani, akarudi kwenye wadudu wake.

"Haya, waite," akasema Freny.

"Tuwafukuze kunguru siku ya kumbukumbu?" akasema Shirish. "Guruji, hiyo si dhambi?"

Guruji alijikuna shingo. "Sijaiona popote katika vitabu." Akafikiri tena. "Lakini sijaona pia palipokatazwa."

Mukta akajaribu. Alifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kitoto cha paka. Kunguru mmoja aligeuza shingo, kwa huruma tu. Parveen akaangua kicheko, Mukta mwenyewe akacheka, akajificha nyuma ya mama yake.

Ndipo tulipomwona Dattatray akivua kandambili.

Aliingia ndani ya nyumba, akatoka na raketi yako, ile ya mbao yenye mpini uliofungwa kitambaa. Akasimama kwenye kigeti cha uwanja. Mwaka mzima hakukivuka. Akaukanyaga udongo ule mbichi kwa miguu mitupu, polepole, akiacha nyayo, na tulijua kwamba hakuna mtu mwingine duniani ambaye ungemsamehe kwa nyayo zile. Akafika kwenye nguzo ya wavu. Akaigonga mara moja, kwa woga. Kisha akaigonga kwa nguvu.

"Haaa!" akapiga kelele mdogo wako, ambaye hatujawahi kumsikia akiinua sauti hata kwa mafundi wa daraja. "Ndani kwake! Nje kwenu!"

Uwanja mzima ukaruka. Mbawa zilipita juu ya vichwa vyetu mpaka Guruji akainama. Na kabla hatujainua macho, walikuwa wameshafika chini ya mpera, wengi, wakisukumana juu ya jani lako kama wasichana kwenye gudulia la achari. Yule wa shingo ya kijivu, au ndugu yake, alilichukua tonge la katikati, akapanda nalo juu ya uzio, akala palepale tukimwona, akajifuta mdomo kwenye waya, akashuka kutafuta jingine.

Dattatray alibaki ameegemea nguzo. Alikuwa anahema. Tulimkimbilia tukidhani ameumia, naye akatuzuia kwa raketi.

"Aliogopa maji," akasema. Ilikuwa kama anatuletea habari mpya. "Mnasikia? Dada yangu aliogopa maji! Na mimi nimejenga madaraja maisha yangu yote, sikujua namjengea nani!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, pale pale juu ya samadi mbichi, na suruali yake nyeupe ya ibada. Kisha akalia kidogo. Alisema tusimfanye mzee wa kulialia, kwa hiyo tunaandika kidogo tu. Freny alikaa karibu naye kwa shida, nyonga na yote, akamshika mkono, na kutoka pale chini akatangaza kwa sauti ya mwamuzi, "Pointi ya Vatsala."

"Pointi yake," akasema Dattatray. "Imekuwa yake tangu mwanzo."

Mchana huo alikula ladu tatu, vitamu ambavyo hakuvigusa mwaka mzima. Alipoinyooshea mkono ya nne, Ujwala alisema, "Baba, taratibu," naye akamjibu, "Kumi na tano kwa sifuri, mimi." Alilala alasiri nzima mlango ukiwa wazi, na tulipita karibu yake tukinyata, tukimsikiliza anavyokoroma, na hatujawahi kupenda sauti yoyote namna ile.

Jumamosi hii alitangulia kuamka kuliko wasichana wote. Alikuwa kwenye mstari wa nyuma, amepiga magoti, ndoo kando yake, akizifuta nyayo zake mwenyewe kwa kiganja, kama mama yenu. Mukta alisiliba upande wa pili wa wavu, kama alivyoahidi. Parveen bado hajalirekebisha pigo lake la nyuma, tunakuomba umvumilie. Achari imepunguzwa chumvi. Uwanja hauuzwi. Na jua lilipopanda, Dattatray alisimama, akagonga nguzo, akapiga kelele yako mpaka muuza maziwa akaitikia kutoka barabarani, kisha akafungua mfuko wa shati lake na kuwapelekea kunguru mkate.

Wanaokukumbuka ni mdogo wako Dattatray, ambaye sasa analala usiku. Mtoto wake Shirish na mkewe Ujwala, aliyehamisha maua. Mjukuu wako Mukta. Rafiki yako Freny Bamji, ambaye anasema atakaa nasi mpaka biskuti ziishe. Parveen na wasichana wote wa Jumamosi. Na wale walio chini ya mpera, ambao tumewakosea kwa kudhani ni maadui zako.

Pumzika, Shangazi. Hakuna aliyekudai, na wewe hukumdai mtu. Uwanja umekauka vizuri leo, na kila utakapokauka tutakukumbuka.